Karani wa Jimbo Letu

Watu wa kwetu Unguja wakikutana ugenini, la kwanza huulizana ni mtoto wa nani. Karani hakushughulika na baba zetu. Yeye aliuliza, "Ulipiga kura kituo gani?" Aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza Doha, nimekaa juu ya begi langu katika chumba cha Al Rayyan tulichokuwa tukilala watu wanne. Nikamtajia skuli. Akauliza darasa lipi. Nikamwambia la mwisho, karibu na tangi la maji. Akanitazama, akafikiri kidogo, kisha akaniita kwa majina yangu matatu, langu, la baba na la babu, kwa sauti iliyojaa chumba kizima. Nilikuwa sijamwambia hata jina moja.

"Mie ndiye n'liyekuita," akasema. "Mama yako alikuwa nyuma yako, kajitanda mtandio wa kijani."

Nilicheka kidogo. Mtu akikukumbuka hivyo, unajiuliza amekumbuka na nini kingine.

Sauti ile niliijua kabla ya sura yake. Kazi ya karani kituoni ni kusoma jina la mpiga kura kutoka kwenye daftari, kwa sauti, ili mawakala wa vyama waliokaa nyuma wasikie na kutia alama kwenye orodha zao. Makarani wengine husoma kwa kunong'ona ili wakala asiweze kupinga, kila mtu anajua kwa nini. Yeye alisoma kama anayetangaza mazishi. Katika chaguzi tatu za mwanzo za vyama vingi, kila aliyeingia mlango ule aliitwa na sauti ile, na wazee wa mtaa walikuwa wakiiiga kuwachekesha watoto. Ukitaka kujua kama mtu ni wa jimbo letu kweli, ungemwambia amuige Karani.

Doha hakuwa karani wa chochote. Alikuwa dereva wa nyumba, akiwapeleka watoto wa bwana wake skuli na kuwarudisha, akilala katika kijumba kilichojengwa ukutani pembeni ya geti. Mimi nilikuwa mbeba mizigo katika hoteli moja ya West Bay. Ijumaa baada ya sala alikuja kwetu kula, na jina la ukarani likamfuata hapo, maana hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lake. Mimi nilimwita Ami, kama ndugu wa baba.

Alikuwa mwoga. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe alilisema wazi, kama mwingine anavyosema ana sukari. "Wenzetu wanadai serikali tatu katika Muungano," alikuwa akituambia. "Mie ninazo mbili za kuogopa, na zanitosha." Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Ya pili ilikuwa ya hapa, ambapo mgeni anaishi kwa ridhaa ya kafili wake, yule bwana aliyemleta, na kafili akichukia asubuhi, mchana unaweza kuwa uwanja wa ndege. Kabla ya kutamka neno lolote la siasa aliongeza sauti ya televisheni, akafunga dirisha, akatuhesabu. Tukizidi watano alizungumzia bei ya mchele. Vyama hakuvitaja kwa majina, vilikuwa "wa huku" na "wa kule", na ukimuuliza yeye ni wa wapi alijibu, "Mie karani." Viatu vyake aliviacha mlangoni vikiwa vimeelekea nje.

Na kwa woga wote huo, hakuweza kunyamaza. Hili ndilo nililoshindwa kulielewa miaka yote. Alituonya kila wiki kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kisha akakaa saa mbili akisimulia uchaguzi wa jimbo letu, mmoja baada ya mwingine. Alipoanza, shingo yake ilinyooka na macho yakaacha kuutazama mlango.

Alisimulia kwa kokwa za tende. Tukishamaliza kula, alizipanga juu ya sufra: hii barabara ya lami, hii skuli, huu msikiti, hapa bado mihogo. Jimbo letu liko pale mji unapokwisha na shamba halijaanza, na kila uchaguzi mji ulikuwa umesogea. Watu waliohamia kutoka mjini walijenga nyumba za matofali kwenye viwanja vya urithi, na kila nyumba mpya, alisema, ni kura ambazo hakuna anayezijua. Wa huku walizihofia nyumba hizo. Wa kule walizihofia pia. Kwa hiyo kila uchaguzi ulipokaribia swali lilikuwa lile lile, nani mkaazi na nani si mkaazi, na jibu lilikuwa mkononi mwa sheha, mkuu wa serikali wa mtaa, ambaye angeweza kukwambia usoni kwamba hakujui ilhali jana mmeshika sahani moja ya pilau.

Uchaguzi wa kwanza, mjumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi alishinda kwa sababu ya bomba la maji. Alilikarabati kwa pesa zake wiki mbili kabla ya kura, na likakauka wiki moja baada ya kuapishwa. Uchaguzi wa pili mshindi alikuwa mwalimu aliyekuwa ameshindwa wa kwanza, na Karani alidai ushindi wake ulitokana na wajane, kwa kuwa ndiye aliyewaandikia barua za mirathi bila malipo. Baadaye mipaka ikachorwa upya, na mstari ukapita katikati ya msikiti. Nyumba za kibla zikabaki jimbo letu, nyumba za nyuma zikaenda jimbo la pili, na watu waliosimama safu moja nyuma ya imamu mmoja wakawa na wawakilishi wawili. Karani aliikata safu ya kokwa kwa kidole kutuonyesha. Namba za kura alizitaja zote, za kila chumba, hata zilizoharibika, lakini hapa siziandiki. Nimeshajifunza.

Mkenya mmoja tuliyekaa naye, Musyoka, mlinzi wa ghorofa, alikuwa akimcheka. "Mzee, wewe unaogopa mpaka kivuli chako. Kwetu tunapiga kelele mchana kweupe na hakuna mtu anatufanya kitu." Kisha ukaja uchaguzi wa kwao ule ulioharibika mwishoni mwa mwaka, nyumba zikaanza kuchomwa, na Musyoka akakaa siku tatu kitandani na simu kifuani, mama yake na dada zake hawapatikani. Karani alikuja siku isiyokuwa yake. Sijui alimwomba vipi bwana wake ruhusa, maana kuomba ruhusa kulimtisha kuliko ajali. Alileta kadi za simu na chungu cha uji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na hakusema hata neno moja juu ya uchaguzi. Siku ya nne mama mtu alipopatikana katika uwanja wa kanisa, Karani ndiye aliyelia. Musyoka hakumcheka tena.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja. Dereva huyu aliogopa polisi wa barabarani hata alipokuwa ameegesha, lakini aliwahi kumwambia bwana wake usoni kwamba hesabu yake ya siku za likizo si sahihi, akamwonyesha kwenye kalenda, na bwana akamwongezea siku mbili. Tukicheza karata, aliyeiba alama moja alikatazwa mchezo mwezi mzima. Alikuwa akisema kura ni amana, haijalishi imempa nani. Lakini yeye mwenyewe tangu aondoke nyumbani hakutaka tena kuandikishwa, hata alipokuwa likizo wakati wa uandikishaji. "Hiyo kalamu sitoishika," alisema, na hatukumuuliza zaidi.

Alikuja kusema mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, kabla ya uchaguzi ule uliokuja kufutwa na kurudiwa, na sote tulikuwa tumechemka. Nyumbani watu walikuwa wakiweka akiba ya unga. Televisheni iliongezwa sauti, dirisha likafungwa, tukawa watano pamoja naye. Akafika uchaguzi wa tatu, aliokuwa akiuruka kila mara.

"Tulihesabu vizuri," akasema. "Mawakala wote wane wametia saini. N'kaijaza fomu kwa mkono wangu, nakala moja tukaibandika mlangoni. Basi watu wamekwenda zao, akaja mtu. Simjui. Hakusema katoka wapi, na mie sikumuuliza. Kasema fomu ina madoa ya wino, iandikwe tena. N'kasema sawa. N'kauliza namba zi wapi, kwa maana nakala yangu kaichukua yeye, na ile ya mlangoni ishabanduliwa. Kasema, 'Andika, n'takusomea.'"

Akaokota kokwa moja, akaigeuza kiganjani.

"Akanisomea, n'kaandika. Hati nzuri, kama kawaida yangu. Mkono haukutetemeka, wallahi. Mwalimu yule alilala mshindi akaamka kashindwa, na mie ndiye n'liyemshinda."

Kisha akawataja mawakala wale wanne, mmoja mmoja, kwa majina matatu matatu, kwa sauti ya kituoni. Nadhani kwake ilikuwa namna ya kutubu. Wao ndio aliowakosea, akawaita mbele yetu.

Simu yangu ilikuwa chini ya mto, inarekodi.

Sitajitetea, nitaeleza tu. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la vijana wa jimbo letu walioko Uarabuni, Muscat, Dubai na hapa, na wiki nzima nilikuwa nimebishana na mmoja aliyeapa kwamba uchaguzi ule wa tatu wa huku walishinda kwa haki. Nilitaka kumnyamazisha. Nilikata mwanzo, nikatoa kila mahali nilipomwita Ami, nikahakikisha jina lake halimo. Nilijiona mwerevu sana. Niliituma, nikaenda kazini, nikabeba masanduku ya wageni huku nikitabasamu peke yangu. Jina nimelificha, lakini nilichowapelekea watu wa jimbo letu ni sauti yenyewe, ile iliyomwita kila mmoja wao kwa majina matatu.

Siku ya pili ilinirudia kutoka kwa shangazi yangu aliyeko Unguja. Alikuwa ameandika chini yake: "Huyu si Karani?" Nilikuwa kwenye lifti ya hoteli na familia ya wageni. Ghorofa ishirini na mbili, na mimi nayasoma tena maneno yale matatu kila mlango ulipofunguka.

Niliifuta kwangu, kama kwamba kufuta kwangu kungeifuta kwa wengine. Niliwaandikia watu wa kundi waifute pia, na baadhi wakaituma tena pamoja na ombi langu. Kisha nikangoja. Nataka msomaji aelewe kwamba hakuna kilichotokea ambacho mtu angeweza kukipeleka mahakamani. Mke wa Karani aliitwa kwa sheha, akapewa kiti, akaulizwa kwa upole mumewe anarudi lini. Vijana wasiojulikana mtaani walikaa siku mbili kwenye tofali za nyumba ya jirani, wakila miwa. Asubuhi moja ukutani mwao kulikuwa na alama nyekundu ya X, ile inayowekwa nyumba za kubomolewa. Wengine walisema ni watu wa barabara wanapima, kwa kuwa barabara kweli ilikuwa ipanuliwe. Nyumba za pili yake, kushoto na kulia, hazikuwa na alama. Kuanzia hapo mke na binti yao mmoja walikwenda kulala kwa ndugu kila magharibi na kurudi asubuhi, na tikiti ya likizo aliyokuwa ameshaikata, Karani akairudisha.

Alikuja Ijumaa iliyofuata, akala kidogo. Musyoka alipotoka, Karani alinishika mkono wa shati.

"Tulikuwa watano," akasema. "Nimewapima wote. Wewe tu ndo nnaekuamini, mwanangu. Nani unaemdhani?"

Huo ndio ungekuwa wakati wangu wa kukiri. Niliona nyumba ya mama yangu katika jimbo lile lile, ukuta mweupe usio na alama. Niliona kazi yangu na kafili wangu. Nikasema, "Allahu a'lam, Ami." Akatikisa kichwa, akavaa viatu vyake vilivyokwisha elekea nje, na huo ukawa mwisho wa Ijumaa zake kwetu.

Habari zake nilizipata kwa mama. Uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa, jimbo letu likapata mjumbe, na mama alininong'oneza kwenye simu ni nani, kama vile lilikuwa tusi. Alama ukutani haikufutwa wala barabara haikupanuliwa. Karani aliambiwa na mtu, au alijiambia mwenyewe, kwamba simu zinasikilizwa na sauti yake inatafutwa. Akaacha kusema kwenye simu. Si kupunguza, kuacha. Alimwandikia mkewe ujumbe mfupi, na wakimpigia alipokea akasikiliza bila ya kujibu.

Baada ya miezi binti akaposwa. Kwetu baba ndiye anayemwozesha binti yake, na akiwa mbali humpa mtu uwakala. Shehe wa kuozesha hakutaka mengi, alitaka tu amsikie kwa simu akisema, "Nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu." Sentensi moja. Watu wamekaa, mchele uko motoni, simu imewekwa kwenye mkeka katikati ya wanaume, na upande wa pili Karani anapumua. Mama alisema walimsikia anavyopumua. Shehe akarudia mara tatu. Mwisho simu ikakatika, na ikabidi wangoje hadi barua yake ifike, wiki mbili na nusu, kwa mkono wa abiria. Waliosema bwana harusi atabadili nia walikuwa wengi. Hakubadili. Binti aliolewa kwa karatasi iliyoandikwa kwa hati nzuri.

Niliposikia hivyo nilijifungia katika choo cha wafanyakazi, nikalia. Lakini sikwenda kumwona. Ilinichukua mpaka karibu na mwisho wa muongo ule, hoteli iliponipa barua ya kumaliza mkataba, nikajua kwamba nisipokwenda sasa nitarudi nyumbani na kumsalimia mkewe mlangoni nikiwa na jambo hili mdomoni.

Bwana wake alikuwa amehamia Al Wukair, kwenye mitaa mipya ambayo nusu ya viwanja bado ni mchanga. Nilifika alasiri. Kijumba chake kilikuwa ukutani vile vile, kitanda, jiko dogo, msala. Alikuwa amekonda na ndevu zimekuwa nyeupe tupu. "Shikamoo, Ami," nikasema. Midomo ikatamka marahaba bila ya sauti. Nilidhani anaumwa koo. Kisha akasema karibu, kaa, kwa mnong'ono, na nikafahamu kwamba ndivyo anavyosema sasa, na kila mtu, hata peke yake.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Yakanipotea. "Ami, ile sauti, ni mimi niliyeituma."

Alikuwa anamimina chai. Alimaliza kumimina.

"Umo ndani yake," akanong'ona. "Umekata mwanzo, lakini katikati unasema 'Enhe.' Mara mbili. N'likujua siku ile ile."

"Uliniuliza ni nani."

"N'likupa nafasi."

Sikuweza kumtazama. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja, maana kunitaja kungempunguzia mzigo, watu wangesema kijana mjinga amemrekodi mzee bila idhini yake, basi.

"Nikutaje, wamwite mama yako kwa sheha?" akasema. "Mie nishaandika jina moja la mshindi asiyeshinda. La pili sitoliandika."

Nikamwomba radhi. Alisema amesamehe, na nadhani ni kweli, lakini alilisema akitazama geti, na alipomaliza alisimama akaenda kuhakikisha kama limefungwa. Nikamwambia mambo yamepoa nyumbani, hakuna anayekumbuka, arudi. Nilijisikia ninavyosema na sikujiamini. Yeye alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza bei asiyoiweza.

Simu yake ikalia juu ya kitanda. Akalitazama jina, akaiweka sauti ya nje kwa kidole kimoja, akaishika kifuani. Ilikuwa binti yake. Alianza kuzungumza bila kungoja salamu, alivyozoea, mvua, mama miguu inamuuma, mtoto ameanza kusema. Karani alisikiliza amefumba macho. "Leo anakutaka wewe, Baba," binti akasema. "Tangu asubuhi. Ngoja nimpe."

Kukawa na mkwaruzo, na pumzi za mtoto karibu mno na simu.

"Babu?"

Karani akafungua mdomo. Niliiona shingo ikinyooka, ile ya zamani, na nikasema moyoni, leo. Mdomo ukabaki wazi. Hakuna kilichotoka.

"Babu?"

Akanigeukia. Akanisogezea simu kwa mikono miwili, akanong'ona kwa midomo tu, Mjibu. Nilitikisa kichwa, siwezi, Ami, hili siwezi. Akaisogeza zaidi mpaka ikanigusa kidevuni.

"Naam, mjukuu wangu," nikasema. "Mimi hapa."

Mtoto akacheka, akamwita mama yake aje asikie, na Karani akanipungia mkono niendelee.